Moshi wa Saa Mbili Asubuhi

Dolina MacPhee alikuwa na miaka themanini na moja, na alikuwa anataka kitu kimoja tu: afie kwenye kitanda chake hapa kisiwani Skelvay, si kwenye makao ya wazee huko bara. Hakutaka pesa, hakutaka kutembelewa, na kusema kweli hakutaka hata kupendwa. Alitaka kitanda kile na dirisha lile. Nitaeleza ilikuwaje, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu nimechoka kuwadanganya wageni.

Wageni wanaipenda Skelvay. Nani asiyeipenda kwa siku nne? Mimi ndiye ninayedaka kamba za feri, kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza kusikia sifa. Wanashuka gatini, wanavuta pumzi ndefu, wanasema, loo, hakuna mtu. Ni kweli hakuna mtu. Tuko ishirini na tisa, na kondoo mia sita wenye akili kuliko baadhi yetu. Kisha wananiuliza majira ya baridi huwa tunafanya nini, na mimi huwajibu kwamba tunasoma vitabu. Ukweli ni kwamba tunatazamana.

Tunatazamana hivi. Kila nyumba ina dohani, na kila dohani ina mtu wa kuitazama. Ukiamka, kabla hujanywa chai, unachungulia nje kuona kama moshi wa jirani yako umepanda. Ikifika saa mbili na nusu asubuhi haujapanda, unavaa gambuti unakwenda. Hugongi mlango, unaingia tu. Hakuna aliyeiandika sheria hii na hakuna anayeizungumzia. Mtoto anakua akijua nyumba ya fulani hutazamwa na fulani, basi.

Kuna jambo la pili, nalo ni gumu zaidi. Huendi kuangalia dohani ambayo si yako. Ukienda, umemtukana mwenye kuitazama. Umewaambia watu wote kwamba hana macho, au hana utu. Nimeona ndugu wawili wakipishana barabarani miaka tisa bila salamu kwa sababu ya jambo hilo, na barabara yenyewe tunayo moja.

Dolina alizaliwa Nyumba ya Juu, ile nyeupe yenye paa la bati jekundu, upande wa kaskazini. Huko kuna nyumba mbili tu zinazoonana: hiyo ya Juu, na hatua mia mbili chini yake kibanda ambamo baba yake alikuwa akifuma vitambaa vya sufu. Mimi nakaa nyuma ya kilima. Kutoka kwangu huoni yoyote kati ya hizo, na ukitembea ni dakika kumi.

Mama zetu walikuwa ndugu, yeye mtoto wa mkubwa na mimi mtoto wa mdogo, kwa hiyo nimekua nikimwita shangazi, ingawa kwetu kila mwanamke aliyekuzidi miaka kumi ni shangazi yako kwa njia moja au nyingine. Alipokuwa na miaka thelathini na mbili alikuwa na mchumba, fundi wa mnara wa taa. Kisha mama yake akapooza. Mchumba alingoja miaka miwili, akachoka, akaoa kwingine. Dolina alimuuguza mama miaka kumi na moja, na baba miaka minane. Aliwaogesha, akawalisha, akalima viazi vyao. Kila mwezi wa tano alizama kinamasini hadi magotini akikata mboji peke yake, ule udongo mweusi tunaoukausha kuwa kuni. Kaka yake Torquil alikuwa bara, kwenye kazi ya reli. Yeye alikuwa akituma kadi wakati wa Krismasi.

Baba alipokufa, nyumba ikawa ya Torquil, pamoja na shamba na kinamasi chake cha mboji, kwa kuwa Torquil ndiye mwanamume. Torquil akamwacha akae humo karibu miaka ishirini, kisha akaiuza. Hakumwambia dada yake. Dolina alijua siku ile kijana wa mauzo alipokuja na kamera kuipiga nyumba picha, akamwomba kwa adabu asogee kando asionekane. Naye akasogea. Nilimwona amesimama ukutani na ndoo ya maziwa mkononi, akingoja picha ya nyumba yake iishe kupigwa.

Mimi na marehemu baba yangu Hector ndio tuliombebea kitanda kukipeleka kwenye kibanda cha kufumia. Kibanda kilikuwa na dirisha moja, nalo lilielekea mlango wa jikoni wa Nyumba ya Juu. Baba akamwambia tunaweza kuliziba, tukamfungulia jingine upande wa bahari. Dolina akasema tuliache hivyo hivyo.

Walionunua ni mume na mke, Desmond na Rosalind Tranter, walimu wastaafu kutoka mji wa Leicester. Desmond alikuwa mtu wa vitabu, mpole, mwenye kusema kidogo na kufuta miwani sana. Rosalind alikuwa mtu wa kupenda. Alipenda mvua. Alipenda kondoo waliolala katikati ya barabara. Alipenda samaki wetu wa chumvi na viazi, chakula ambacho sisi wenyewe hatukipendi, tunakila tu kwa sababu tumekikuta.

Siku ya tatu aliteremka na keki kwa Dolina, akagonga mlango. Kwetu anayegonga mlango ni polisi, au mchungaji aliyeleta habari ya msiba. Dolina alikuwa ndani, ameketi, anamsikiliza. Alinisimulia mwenyewe huku anacheka kwamba mwanamke yule aligonga mara nne, akangoja, akagonga tena, na keki yote ikalowa. Mimi nilicheka pia. Sijivuni kwa hilo, lakini nilicheka.

Nyumba ya Juu waliitia mashine ya umeme ya kupasha joto, kwa hiyo ikakaa mwaka mzima haitoi moshi. Dohani ikawa kama shimo tu juu ya paa. Siku moja gatini, wakati Rosalind anangoja mizigo yake, nilimwambia kwa utani kwamba kwa hesabu zetu yeye na mumewe walishakufa zamani. Akaniuliza kwa nini, nikamweleza habari ya moshi. Sikutarajia lile lililofuata. Mama yule alitokwa na machozi palepale, mbele ya mabaharia.

Kuanzia kesho yake akawa anawasha moto kila saa mbili kamili asubuhi. Nyumba ilikuwa na joto tayari, hakuuhitaji. Aliuwasha ili aonekane. Kisha akateremka tena kwa Dolina, na safari hii hakugonga, maana alishafundishwa. Akaingia, akasimama katikati ya chumba, akamwambia ameambiwa kwamba yeye ndiye mwenye kuwatazama, na je, angekubali?

"Dirisha langu liko huko," Dolina akamjibu. "Unafikiri natazama nini kingine?"

Rosalind akachukua hiyo kuwa ndiyo. Na hakukosea. Kwa desturi yetu ilikuwa ndiyo, na Dolina alijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Wiki ile Rosalind alinikuta gatini akanishika mkono. "Ranald," akaniambia, "Leicester nimekaa mtaa mmoja miaka thelathini na mbili. Ningekufa pale, wangejua kwa harufu. Hapa kuna mtu anayeamka asubuhi kuangalia kama niko hai. Watu wananiuliza ninapendea nini mwamba huu wenye upepo. Ni hicho tu."

Miaka minne ikapita hivyo. Moshi wa Rosalind ulipanda saa mbili, na Dolina akautazama. Hakukosa hata siku moja, lakini aliutazama kwa kinyongo. Akija dukani alikuwa akiuita moto wa maonyesho. Mboji ile ilitoka kwenye kinamasi cha baba yake, ambacho alikuwa amekikata yeye karibu miaka arobaini kwa mikono yake, na sasa mtu mwenye mashine ya umeme anaichoma ili apunge mkono. Nilimwelewa. Nasema wazi, nilimwelewa, na hata leo sehemu hiyo namwelewa.

Ukaja mwezi wa kumi na moja. Desmond alikuwa amekwenda bara kufanyiwa upasuaji wa jicho, siku mbili tu. Alhamisi dhoruba ikapiga, feri ikafungwa hadi Jumanne. Alhamisi jioni nguzo ya umeme ikaanguka na upande wote wa kaskazini ukakosa umeme. Mashine ya joto ya Nyumba ya Juu ikafa papo hapo.

Ijumaa asubuhi hakukuwa na moshi Nyumba ya Juu. Sisi wengine hatukujua, maana hatuioni. Dolina aliona.

Jumamosi alikuja dukani kuuliza kama kuna mkate, na mkate haukuwepo kwa kuwa boti haikuwepo. Nilikuwa pale nanunua mafuta ya taa. Nikamuuliza, "Shangazi, kwa Rosalind kuna moshi?"

"Upo," akasema.

Nikamtazama. Sijui kwa nini nilimtazama, labda kwa kuwa alijibu upesi. Akaona namtazama, akaongeza, "Mwembamba. Kuni zake mbichi, hajui kukausha. Lakini upo."

Nikalipa mafuta yangu nikaenda nyumbani. Ningepanda kilima, ningeona kwa macho yangu. Lakini dohani ile haikuwa yangu, ilikuwa ya Dolina, na Dolina alikuwa ameshasema. Kwenda kuangalia ilikuwa ni kumwambia mwanamke wa miaka sabini na mitano, aliyenifuta kamasi nikiwa mtoto, kwamba ni mwongo. Nikaona bora niamini. Jumapili kwetu hakuna anayetoka ila kwenda kanisani, na Rosalind hakuwa mtu wa kanisa, kwa hiyo hata kiti chake hakikuonekana kuwa kitupu.

Jumatatu kondoo dume wangu alivuka ua akaelekea kaskazini, nikamfuata. Nilipofika juu ya kilima niliona kunguru ametulia juu ya dohani ya Nyumba ya Juu, anajisafisha manyoya. Nikajua. Nikateremka mbio nikaingia.

Alikuwa jikoni, sakafuni, kati ya mlango wa nyuma na jiko. Kikapu cha mboji kilikuwa kimepinduka. Alikuwa ametoka kuchukua kuni za moto wake wa saa mbili, akateleza kwenye jiwe la mlangoni, nyonga ikavunjika. Alikuwa amejivuta hadi kwenye zulia dogo akajifunika nalo. Kiberiti kilikuwa mkononi. Daktari alisema baadaye kwamba aliishi siku nzima na zaidi, pengine hadi Jumamosi usiku. Yaani wakati mimi nanunua mafuta ya taa alikuwa hai, amelala chini ya zulia la mlangoni, anangoja, akiwa na uhakika kwamba mtu anakuja.

Jumanne feri ikafika. Desmond alikuwa amesimama ukingoni na kitambaa jichoni, ananipungia mkono. Nilidaka kamba, nikaifunga, kisha nikamwambia. Sitaki kueleza uso wake.

Polisi wa bara alimuuliza Dolina kama aliona chochote. Dolina akamjibu kwamba macho yake si mazuri siku hizi. Macho yale yalikuwa yanaweza kuhesabu kondoo wa mtu mwingine upande wa pili wa bonde. Tulikuwa watu kumi na wawili chumbani na hakuna aliyefungua mdomo. Polisi akaandika, akafunga daftari. Hakuna sheria ya serikali kuhusu moshi.

Tulimzika Rosalind makaburini kwetu, mwisho kabisa karibu na ukuta, penye nafasi. Wanaume wote walibeba jeneza kwa zamu. Dolina alioka biskuti za shayiri za matanga, sinia mbili, na watu wakazila. Mimi nilikula tatu.

Mwezi uliofuata nilimkuta zizini, nikamuuliza kwa nini. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe nusu ilikuwa juu yangu. Nilidhani atakana. Hakukana. Aliendelea kumlisha kondoo wake, na akanijibu bila kunitazama.

"Ijumaa nilitaka aonje baridi yetu. Siku moja tu. Nilisema umeme umekatika, moto hajui kuwasha, acha atetemeke kidogo ajue hapa si mahali pa picha. Jumamosi nikaona haya kwenda, maana ningesema nini? Ukaniuliza mbele ya watu, nikasema upo. Jumapili nikawa naogopa."

"Ulikuwa unaogopa nini, shangazi?"

"Kumkuta hai," akasema.

Sikumripoti. Ningemripoti kwa nani, na kwa kosa gani? Wengine nao walijua, na kila mmoja akaendelea kumsalimu, kumkatia manyoya kondoo wake, kumpelekea samaki. Sisi ni watu ishirini na tisa. Ukianza kumtenga mtu hapa, atakayekuja kukuangalia wewe ni nani? Huo ndio wema wetu, na wageni huusifu sana.

Desmond tulidhani ataondoka. Hakuondoka. Majira ya kuchipua alikuja kwangu, akaingia bila kugonga, akaketi. Akaniuliza jambo moja: Dolina alisema nini Jumamosi ile? Nilikuwa na nafasi ya kusema sikumbuki. Nikamwambia. Nikamwambia neno kwa neno, pamoja na zile kuni mbichi. Akafuta miwani yake muda mrefu, akanishukuru, akaenda zake.

Tangu hapo, kila siku saa mbili kamili asubuhi, moshi wa Desmond ulipanda. Na chini yake wa Dolina ulipanda. Majira sita ya baridi walitazamana hivyo, hatua mia mbili, bila hata salamu. Niliwahi kumuuliza Desmond kama hachoki kuishi mkabala na yule mwanamke. Akanijibu kwamba yeye hana haraka.

Mwaka huu, baada ya Krismasi, Dolina alianguka mara mbili. Mara ya pili mkono wake wa kushoto ukafa ganzi na mdomo ukapinda kidogo. Helikopta ikamchukua hadi hospitali ya bara, akakaa huko majuma matano, akiwatukana manesi kwa lugha yetu, wakimwona bibi mchangamfu. Ofisi ya ustawi wa jamii ikamtafutia nafasi makao ya wazee. Akasema akipelekwa huko hatakula. Akaacha kula siku tatu, wakaamini. Basi wakampa sharti: anaweza kurudi kwake, lakini lazima awepo mtu mmoja wa kumwangalia kila asubuhi, na mtu huyo atie sahihi. Kengele ya simu haifai, maana mtandao wetu hufa kila upepo ukivuma. Mtu wa kulipwa kulala naye hakuna, kwa kuwa watu wenyewe hakuna.

Walimrudisha kwa majaribio ya wiki mbili. Nesi aliyekuja naye ni Aileen, binti mzuri, mgeni kabisa huku, hana hata mwezi. Aileen alikwenda dirishani, akaona Nyumba ya Juu, akafurahi. Huyo hapo jirani, akasema, dohani kwa dohani. Dolina akamwambia amwombe mtu yeyote kisiwani isipokuwa yule. Aileen akadhani ni ugomvi wa mipaka ya mashamba, wa wazee, akacheka. Akaniita mimi nije niwe shahidi wa fomu, akampigia simu Desmond.

Basi tukawa jikoni kwa Dolina, Jumamosi, saa tano asubuhi, mvua inanyesha. Dolina kwenye kiti chake karibu na moto, blanketi magotini. Alikuwa amepungua, gauni linamning'inia, lakini macho ni yale yale. Mlango ukagongwa. Desmond ana zaidi ya miaka kumi hapa, anajua vizuri kabisa nani hugonga milango kwetu. Aileen akaenda kumfungulia.

Aileen akamweleza kwamba ni jambo dogo. Kila asubuhi atupe jicho kwenye dohani ya bibi, na asipoona moshi, ashuke.

"Naijua kazi yenyewe," Desmond akasema.

"Kwa hiyo utakubali, Bwana Tranter?"

Desmond akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa. Hakuwa na hasira usoni. Ningependa kusema alikuwa nayo, ingekuwa rahisi zaidi.

"Nakubali," akasema. "Nitamtazama kila siku ya Mungu. Nitamtazama vilevile alivyomtazama mke wangu."

Aileen akapiga kofi la furaha mara moja, akamgeukia Dolina. "Unaona, bibi? Bara majirani kama hawa hawapo tena. Ndiyo maana watu wanavipenda hivi visiwa."

Desmond akaomba kalamu. Akaandika jina lake lote polepole, kwa mwandiko wa mwalimu, akaweka tarehe, akanisogezea karatasi. Palibaki mstari mmoja wa shahidi.

"Mtoto wa Hector," Dolina akaniita. Sauti yake ilikuwa ya chini na mdomo ule uliopinda ulikuwa unatokwa na mate kidogo. "Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia, shangazi."

"Na unatia sahihi?"

Nikamwambia fomu haina kosa lolote. Na kweli haikuwa na kosa. Nikatia sahihi.

Akanitazama. Kisha akaniuliza kile nilichokuwa naogopa asiulize. "Wewe miguu yako si mizima? Kwako hadi hapa ni dakika kumi. Ungepita asubuhi, uangalie tu mlangoni."

Nikamwambia asubuhi nina kamba za feri. Feri huja mara tatu kwa wiki, na huja saa nne. Dolina alijua hivyo, Desmond alijua hivyo, hata Aileen nadhani alishaanza kujua. Nilikuwa namwona yule mwingine chini ya zulia la mlangoni na kiberiti mkononi, na nilikuwa namwona shangazi yangu amesimama na ndoo ya maziwa akingoja picha iishe. Nilikuwa nawaonea huruma wote wawili, na huruma hiyo haikuniinua kwenye kiti.

Kwetu moto wa mboji hauzimwi. Usiku unaufunika kwa majivu, asubuhi unaufunua, na kuna nyumba ambazo moto wake una umri kuliko wenye nyumba. Dolina akainama, akashika birika la maji lililokuwa pembeni ya jiko kwa mkono wake mmoja mzima. Aileen akadhani anataka kutengeneza chai, akanyanyuka kumsaidia. Dolina akalimimina lote motoni. Jiko likachemka, mvuke na majivu vikajaa chumba, Aileen akaanza kukohoa na kuuliza kuna nini, bibi, kuna nini.

Desmond akainuka, akafunika kalamu, akamrudishia Aileen. Akatoka akaufunga mlango nyuma yake taratibu.

Dolina akafuta mkono kwenye blanketi. Akaniuliza mimi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu, boti ya bara inaondoka lini.

Nikamwambia Jumanne, saa nne asubuhi. Jibu jingine lingenigharimu dakika ishirini za kutembea kila siku, kwenda na kurudi.